Barua ya wazi kwa Kamishna wa ligi yetu: turudishie mechi ya tarehe 9 Agosti

Meneja, Timu ya Tbilisi,
Tanga.

Kwa Kamishna wa Ligi,
Dar es Salaam.

Ndugu Kamishna,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UENDESHAJI WA MSIMU WA SITA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamoo. Sikupenda tufike huku. Nilikuandikia mara ya kwanza tarehe 14 Agosti, ukanijibu kwa kidole gumba. Nikakuandikia tena mwisho wa mwezi, ukasema "tutaliangalia". Mara ya tatu zilikuja tiki mbili za bluu, na mpaka leo ni hizo tiki tu. Mkubwa akinyamaza, mdogo ana njia mbili: ameze au aseme mbele za watu. Nimeshameza vya kutosha.

Kwa wasomaji wasiotufahamu, nieleze kwanza kwamba ligi ninayoizungumzia haipo. Haina uwanja wala nyasi, na tiketi hazijawahi kuuzwa. Ni ligi ya kubuni ya besiboli, ule mchezo wa kurusha mpira, kuupiga kwa gongo na kukimbilia vituo, ya Ulaya na Asia, yenye timu nane: Haarlem, Nettuno, Istanbul, Tbilisi, Almaty, Irkutsk, Busan na Sapporo. Nyuma ya majina hayo wapo watu wanane: watatu Dar, mimi Tanga, mmoja Mombasa, mmoja Kampala, mmoja Muscat na mmoja Leicester. Kila mchezaji ana kadi yake yenye umri, mkono anaotumia na uwezo wake. Mechi inachezwa kwa dadu mbili na jedwali la matokeo. Meneja wa nyumbani anarusha, mgeni anatazama kwenye video ya simu, wote wawili wanaandika kwenye madaftari yao, mwisho wanatia saini na kukutumia picha. Kila timu inacheza mechi 56, ligi nzima 224. Mke wa meneja wa Irkutsk anasema ni utoto. Tumeuendesha huo utoto misimu sita, na kuna ligi za kweli ambazo hazikufika hapo.

Na haya yote umeyaleta wewe. Sitalificha hilo kwa sababu ya hasira. Ulikwenda Nagoya kwa biashara ya magari yaliyotumika, ukarudi na kofia ya Chunichi Dragons, timu ya huko Nagoya, na hadithi ya tarehe 1 Novemba 2007. Umetuhadithia mara ngapi? Fainali za Japani, mrushaji wao Daisuke Yamai amerusha awamu nane kati ya tisa za mechi na hakuna mpigaji hata mmoja aliyekanyaga kituo cha kwanza. Dragons wanaongoza moja bila, hawajawa mabingwa tangu 1954. Kocha Ochiai anamtoa Yamai! Anamwingiza mrushaji mwingine, Iwase, amalizie awamu ya tisa, Iwase anawatoa wapigaji wote watatu, kombe linakuja Nagoya. Watu wakabishana nchi nzima. Sisi tukabishana kibarazani kwako hadi adhana ya alfajiri kama Ochiai alimdhulumu Yamai au la. Ndipo ukasema neno ambalo nililiandika kwenye jalada la daftari langu: "Kilichoingia kwenye daftari la mechi hakifutwi, kinabishaniwa tu."

Nakuomba urudi kwenye neno lako hilo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mechi ya tarehe 9 Agosti, Tbilisi dhidi ya Istanbul

Istanbul ni timu yako, na nitaligusa hilo baadaye. Siku hiyo ulikuwa safarini Mbeya, mpwa wako akakaa kwenye kiti chako kwa idhini yako mwenyewe. Ilikuwa saa tatu usiku. Awamu ya tano umeme ukakatika, kama kawaida yetu. Tukakubaliana kuendelea. Dadu tulikuwa tunazirusha kwenye sinia la kupepetea mchele, mwanangu wa darasa la tano akashika tochi ya simu ya shangazi yake, na simu yangu ikabaki na kazi ya kamera.

Aliyekuwa anarusha ni jezi namba 31. Huyo unamjua: mkono wa kushoto, miaka 38, ndiye mrushaji wangu tangu msimu wa kwanza. Kwa kanuni yetu ya umri, huu ulikuwa msimu wake wa mwisho, kadi inastaafu. Mwanangu anamwita Mzee. Kufika awamu ya saba nikagundua kwamba Istanbul hawajapata hiti hata moja, yaani hakuna aliyeupiga mpira akafika kituo salama, nikanyamaza, maana watu wa besiboli hawalitaji jambo hilo likiwa bado jikoni. Mpwa wako naye alishagundua, nilimwona ameacha kutafuna karanga. Awamu ya tisa, wawili wametolewa, tunaongoza bao moja. Nikatikisa dadu. Moja ikasimama tano, nyingine ikagonga ukingo wa sinia, ikazunguka kama pia, mtoto akasogeza tochi karibu mpaka ikawa inaniunguza mkono. Ikalala mbili. Jumla saba: mpira wa chini kwa mlinzi wa kituo cha pili, kwa kituo cha kwanza, ametolewa. Watu 27 wametolewa, watatu kila awamu, hiti sifuri, wawili tu walipewa kituo cha bure. Katika misimu sita, mechi zaidi ya 1,300, hiyo ilikuwa ya kwanza. Mpwa wako alisema "hongera, dada" na akasaini daftari lake kabla hatujakata simu, akiliinua mbele ya kamera nione, nami nikasaini langu.

Tarehe 13 ukatangaza kwamba mechi imefutwa kwa kuwa "ilichezwa gizani na dadu hazikuonekana sawasawa". Ukairudia mwenyewe, peke yako, kwa dadu zako, bila mimi kwenye simu. Istanbul ikashinda sita kwa mbili. Mwisho wa msimu Istanbul ina ushindi 34, sisi 33. Hesabu hiyo hata mwanangu ameifanya bila kikokotoo.

Najua utakachosema: kamishna ana mamlaka ya kurekebisha makosa. Tuseme anayo. Kanuni ya 14, uliyoiandika wewe, inasema pingamizi litolewe ndani ya saa 24 na meneja aliyecheza. Siku nne si saa 24, na mpwa wako hakupinga. Halafu tuangalie wenye mchezo wao, Wamarekani. Tarehe 2 Juni 2010, Detroit, mrushaji Armando Galarraga alikuwa ameshawatoa wapigaji 26 wa Cleveland mfululizo. Yule wa 27 alitolewa pia, lakini mwamuzi Jim Joyce akasema amefika salama. Marudio ya televisheni yakaonyesha wazi kwamba Joyce amekosea. Joyce mwenyewe akakiri na kuomba radhi, na kesho yake Galarraga akamkabidhi orodha ya wachezaji uwanjani huku mwamuzi anafuta machozi. Kamishna wa ligi yao kuu, Bud Selig, aliombwa abadilishe matokeo, hakubadilisha. Mimi nilikuwa wa kwanza kumlaumu. Lakini ona tofauti, Ndugu Kamishna: Selig alikataa kugusa daftari palipokuwa na kosa ambalo hata mkosaji amelikiri. Wewe umeligusa ambapo hakuna aliyelalamika, na aliyefaidika ni wewe.

Kama kinachokukera ni sifa, iondoe. Mwaka 1959 mrushaji Harvey Haddix wa Pittsburgh aliwatoa wapigaji 36 mfululizo, awamu 12 nzima, akafungwa katika awamu ya 13. Mwaka 1991 Wamarekani wakabadilisha tafsiri ya mechi isiyo na hiti, jina lake likatoka kwenye orodha. Ila alichokifanya usiku ule kimebaki vilevile kwenye vitabu, hakuna aliyemrudisha Haddix uwanjani. Niite chochote unachotaka, mechi ibaki.

2. Mchezaji wa nne wa kigeni

Kanuni yetu inaruhusu wachezaji watatu waliozaliwa nje ya Ulaya na Asia. Tuliiga Korea Kusini, ambako kwa miaka mingi klabu ziliruhusiwa watatu tu. Tarehe 6 Agosti Istanbul ikamsajili mpigaji wa Curaçao, kisiwa cha Karibi, wa nne. Hoja yako ni kwamba Curaçao imo ndani ya Ufalme wa Uholanzi, kwa hiyo huyo ni mtu wa Ulaya. Nikiri kwamba hoja hiyo ina mashiko, nilicheka niliposikia, na Wladimir Balentien, aliyevunja rekodi ya Sadaharu Oh ya mwaka 1964 kwa kupiga homurani (mipira iliyopigwa hadi nje ya uwanja) 60 nchini Japani mwaka 2013, ni mzaliwa wa Curaçao na aliichezea timu ya taifa ya Uholanzi. Basi, uraia nakuachia. Lakini kanuni inasema "waliozaliwa", na dirisha la usajili lilifungwa tarehe 31 Julai. Tarehe 6 Agosti haiwi Julai hata kwa sheria za Uholanzi. Mchezaji huyohuyo Mzee alimtoa mara tatu tarehe 9. Katika marudio yako ya chumbani akapiga homurani mbili.

3. Safari na uchovu

Hapa tunaumia sote wa katikati. Ulitunga kanuni nzuri: timu ikivuka kanda tano za saa au zaidi ipumzike siku moja, la sivyo mrushaji wake apunguziwe alama. Ni ya haki, maana ligi yetu inaanzia Uholanzi na kuishia Hokkaido, na mwili wa binadamu si kontena. Tbilisi na Sapporo zinatofautiana saa tano. Tumekatwa alama mara mbili, tukakubali. Istanbul na Sapporo ni saa sita. Istanbul ilicheza Sapporo mwezi wa tano na wa saba bila mapumziko, na haikukatwa hata nukta. Meneja wa Sapporo aliuliza, akaambiwa ramani yake ni ya zamani. Uturuki imekaa kwenye saa ileile mwaka mzima tangu 2016, Ndugu Kamishna. Ramani ni sahihi.

4. Sare

Tulianza msimu kwa utaratibu wa Kijapani: awamu 12 zikiisha bila mshindi, ni sare, kila mtu arudi kwake. Mwezi wa nane ukaleta utaratibu wa Marekani wa kuweka mkimbiaji kituo cha pili awamu za nyongeza zinapoanza. Sina ugomvi nao, ingawa naona unaharibu mchezo kama kuweka sukari kwenye pilau. Ugomvi wangu ni kwamba uliurudisha nyuma, ukaamua upya sare tisa zilizokwisha kuchezwa. Marekani walipouanza mwaka 2020, wakati wa Uviko, hawakwenda kufufua mechi za 2019. Tatu kati ya hizo tisa zilikuwa za Istanbul. Zote tatu zimekuwa ushindi.

5. Viporo

Mechi nne za Irkutsk zilibaki viporo hadi wiki ya mwisho, kisha zikatolewa pointi za mezani. Sisi tuliokua na mpira wa Bongo tunajua kiporo kikikaa sana kinavyonuka. Sisemi zaidi, meneja wa Irkutsk atajisemea.

6. Kofia mbili

Haya yote yana mzizi mmoja: kamishna ana timu. Baada ya wachezaji wa Chicago White Sox kushutumiwa kuuza fainali za 1919, wenye klabu walimtafuta mtu wa nje awe kamishna, Jaji Kenesaw Mountain Landis, asiye na klabu yoyote. Mwaka 1921 mahakama iliwaachia huru wachezaji hao, na kesho yake Landis akawafungia maisha. Simsifu kama malaika: muda wote aliokaa madarakani, hadi kifo chake mwaka 1944, hakuna Mwafrika Mmarekani aliyecheza ligi kuu, Jackie Robinson aliingia mwaka 1947. Lakini walau hakuna aliyeweza kumwambia kwamba ameamua mechi ili timu yake ipande kwenye msimamo. Wewe unaambiwa, na huna cha kujibu hata kama moyoni ulikuwa na nia safi. Ninakujua miaka mingi na bado sijui kama ulikuwa nayo.

Sasa najua pia neno litakalokuja kabla ya yote, maana limeshasemwa pembeni: "Dada, huu ni mchezo tu, kwani tunalipwa?" Hatulipwi, ndiyo maana naandika. Ligi yenye pesa ikiharibika, bado uwanja upo, jezi zipo, mashabiki wana pa kukaa. Sisi tunacho kile tu tulichokubaliana kwamba kimetokea. Dadu zikilala, ikaandikwa, ikasainiwa, imetokea. Mtu mmoja akiweza kwenda chumbani usiku na kuzirusha upya mpaka zimpendeze, basi hata ubingwa wako wa msimu wa pili, ule wa awamu ya 12 ulioupigia vigelegele mpaka jirani akagonga mlango, nao haujatokea. Mimi nilikuwepo kwenye simu siku hiyo, mimi ndiye niliyefungwa. Ulitokea. Sitaki siku moja nikauwekee shaka.

Na wale wanaosema "ligi ni yake, aliianzisha": aliianzisha, ndiyo, na tumeshukuru. Mwenye kujenga msikiti hapati ruhusa ya kubadilisha kibla.

Ninachoomba ni haya, na ninayaomba pamoja na mameneja wa Sapporo, Irkutsk, Nettuno na Almaty, walioisoma barua hii kabla yako:

(a) Mechi ya tarehe 9 Agosti irudishwe kama ilivyosainiwa, na kadi ya jezi namba 31 istaafu ikiwa na mechi hiyo mgongoni.

(b) Sare tisa zirudi kuwa sare. Utaratibu mpya, kama mnaupenda, uanze msimu wa saba kwa kura.

(c) Uchague kofia moja. Ukitaka kubaki kamishna, Istanbul tutamtafutia meneja. Mpwa wako anafaa, kijana ana roho ya mchezo. Ukitaka Istanbul, ukamishna apewe mtu asiye na timu.

(d) Mechi isirudiwe kamwe bila mameneja wote wawili kuwa kwenye simu.

Ubingwa siuombi. Hesabu zikirudi sawasawa na Sapporo akatupita, tutampigia makofi.

Tukikosa jibu hadi Ijumaa ijayo, timu tano hazitarusha dadu Jumamosi na Jumapili, na droo ya wachezaji wapya wa msimu wa saba haitakuwa na watu. Wazo hili umetufundisha wewe. Tarehe 18 na 19 Septemba 2004, Jumamosi na Jumapili, wachezaji wa Japani waligoma kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi yao, Atsuya Furuta akiwa mbele, kwa sababu wenye klabu walitaka kuziunganisha klabu za Kintetsu na Orix na kupunguza timu bila kuwasikiliza. Siku chache baadaye wakaelewana, timu mpya ikaruhusiwa kuingia mwaka uliofuata. Ikawa Rakuten, ikaanza vibaya kuliko Irkutsk yetu: ushindi 38, kufungwa 97. Mwaka 2013 wakawa mabingwa, Masahiro Tanaka akiwa ameshinda mechi 24 za msimu bila kupoteza hata moja. Ulituhadithia hilo ukiwa umesimama, umeshika kikombe cha kahawa, na upande wako ulikuwa wa wachezaji.

Daftari langu lipo. Mechi iko ukurasa wa 61, saini yangu kwa kalamu nyekundu maana ya bluu iliisha wino awamu ya nane, na pembeni kuna doa la nta, mshumaa tuliouwasha tochi ilipoanza kufifia. Nitakuja Dar Jumatano kwa basi la asubuhi, nitakuwa nalo kwenye mkoba. Nitapita kibarazani kwako baada ya alasiri.

Wako katika michezo,

Meneja, Tbilisi.

Nakala kwa:
Mameneja wote saba.
Mpwa wako.